Mbao Ije Baadaye: Kupanga Gitaa la Umeme Morogoro

Gitaa la umeme mara nyingi halina tumbo. Lile la kawaida lina sanduku lenye tundu, na ubao mwembamba wa juu ndio unaosukuma hewa hadi sauti ikufikie. La umeme la aina hii ni kipande kizima cha mbao, na chini ya nyuzi zake kuna sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba. Uzi wa chuma ukitetemeka, unaichezesha nguvu ya sumaku inayopita ndani ya koili, na koili inatoa umeme kidogo. Michael Faraday alilionyesha jambo hilo mwaka 1831, na miaka 100 baadaye George Beauchamp akalitumia kwenye gitaa kule Marekani. Kazi ya kusukuma hewa imehamia kwenye spika.

Naanza na hilo kwa sababu kijana wa Morogoro anayetaka kuchongewa gitaa lake mwenyewe huuliza kwanza: mbao gani? Kwa mkoa wenye miombo ya Kilosa upande mmoja na mitiki ya Mtibwa upande mwingine, swali hilo haliepukiki. Lakini ni swali la tatu. La kwanza ni la uzi, na la pili ni la kinasa, yaani ile sumaku na koili yake.

Mji huu una historia ya kumpa mtu kiburi cha kuagiza gitaa kwa vipimo vyake. Hapa Salum Abdallah aliiongoza bendi ya Cuban Marimba mpaka alipofariki mwaka 1965. Hapa pia Mbaraka Mwinshehe alipiga solo katika Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, kabla hajaanzisha Super Volcano mwaka 1973. Solo ya muziki ule wa dansi ni nyembamba na safi, kila noti inasimama peke yake. Anayetaka sauti hiyo tayari anajua anakokwenda kabla seremala hajashika randa.

Uzi, basi. Kuna vipimo viwili vya urefu wake vilivyozoeleka duniani: milimita 648, ambacho ni cha kampuni ya Fender, na 628 hivi, ambacho ni cha kampuni ya Gibson. Tofauti ni sentimita 2 tu, lakini mvutano wa uzi hupanda kwa mraba wa urefu wake. Seti ya kawaida ya nyuzi sita kwenye milimita 648 huvuta shingo kwa kilo 46 hivi, karibu uzito wa mfuko wa saruji. Seti hiyohiyo kwenye 628 huvuta kilo 43. Ule mrefu unajibu kwa ukakamavu na sauti inang'aa zaidi. Mfupi ni laini kwa kidole kinachopenda kuvuta uzi pembeni. Kwa dansi ningechagua mrefu bila kusita.

Urefu ukishajulikana, vyuma vya shingoni vinajipanga kwa hesabu. Gawa 648 kwa 17.817, unapata milimita 36.37: hapo ndipo chuma cha kwanza kinapokaa. Toa hiyo kwenye 648, kinachobaki ukigawe tena kwa namba ileile, na uendelee hivyo hadi mwisho. Chuma cha 12 kitaangukia milimita 324, katikati kamili. Namba hizo ziandikwe zote kwenye karatasi zikiwa zimejumlishwa, kisha kila alama ipimwe kutoka mwanzo wa shingo. Fundi anayepima kutoka chuma hadi chuma hubeba kosa dogo la kila hatua mpaka juu. Pale kwenye chuma cha 20 uzi umebaki na milimita 204, na milimita 1 tu ya kosa hupotosha noti kwa zaidi kidogo ya asilimia 8 ya nusu toni. Kwenye akodi, sikio linaliona hilo mara moja.

Kinasa ndicho kinachoamua tabia ya gitaa, na hapo Morogoro haina upungufu wa mikono. Fundi wa kusuka mota anaijua kazi hii, isipokuwa waya ni mwembamba sana: kipenyo cha milimita 0.063, mizunguko kama 8,000. Ukizidisha mizunguko, sauti inakuwa na nguvu zaidi lakini inapoteza ukali. Mahali pa kukiweka pia ni hesabu. Karibu na daraja uzi unatembea kidogo na sauti inakuwa kali. Kuelekea shingoni inakuwa nene. Koili moja hunasa pia mngurumo wa umeme wa nyumbani, ule wa hezi 50, na ndiyo maana Seth Lover wa Gibson aliweka mbili zinazofutiana mngurumo katika miaka ya 1950. Mngurumo unaondoka, na ule wembamba wa solo nao unapungua. Mimi ningevumilia mngurumo.

Kuna kitu ambacho wapigaji wengi hawakijui. Koili na waya mrefu unaokwenda kwenye amplifaya hufanya kazi pamoja. Koili ya kawaida ikiunganishwa na waya wa mita 5 huinua zaidi sauti za karibu hezi 4,100. Badilisha waya uwe wa mita 10, kilele kinashuka hadi karibu 3,000. Badiliko hilo sikio linalitambua kirahisi kuliko badiliko la mbao, wala halihitaji kukata mti.

Sasa mbao. Mtu atataka mpingo mtupu, kwa kuwa ndio fahari yetu. Tupige hesabu. Kiwiliwili cha gitaa kina ujazo wa lita 4 hivi. Mpingo una kilo 1.2 kwa lita, kwa hiyo kiwiliwili peke yake ni kilo 4.8, kabla ya shingo na vyuma, na dansi hupigwa usiku kucha kwa kusimama. Mninga ungekuwa kilo 2.4, mkangazi 2.1. Mkangazi unatosha, na unachongeka vizuri.

Shingo ndiyo sehemu ambayo mbao ina neno. Mwaka 1998 Helmut Fleischer na Tilmann Zwicker wa Ujerumani walieleza kwamba noti zinazokufa haraka kwenye gitaa la umeme hutokea pale shingo inapokubali kutikiswa na uzi na kuinyonya nguvu yake. Shingo inayotakiwa ni ngumu na tulivu, yenye fimbo ya chuma ndani ya kuirekebisha. Mtiki wa shamba la Mtibwa unafaa, bora pete zake zisimame wima. Ila una mafuta: upigwe msasa, upanguswe kwa spiriti na kupakwa gundi palepale.

Mpingo nao una kiti chake: ubao wa juu ya shingo, ambako vidole na chuma husugua miaka nenda rudi. Unahitaji kipande kilichonyooka cha sentimita 48 kwa 6, chenye unene wa milimita 6 tu. Shida ni huko kunyooka. Mpingo hukua taratibu, umepinda na una nyufa, na kipande cha klarineti ni kifupi kuliko hicho. Uliza mbao iliyogongwa nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na ukipanga kuuza nje ujue kwamba mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 2017, mninga na mkangazi tangu 2023. Mlimani Uluguru usiulizie kabisa. Msitu ule ni hifadhi.

Mbao hizo zipangwe ndani ya karakana, zikitenganishwa kwa vijiti, na zipimwe kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, zimefika. Hata hivyo masika huzitanua tena kidogo, na kiangazi huzisinyaza upande kwa upande wakati vyuma vya shingoni havibadiliki. Ndipo ncha zake huchomoza na kukwaruza kiganja. Ncha hizo fundi aziache bila tupa ya mwisho mpaka Septemba.