Hedwig von Wissmann: jinsi sauti inavyotafuta meli iliyozama

Mwaka 1915 mashua mbili za kivita za Waingereza, Mimi na Toutou, zilipita katika nchi yetu ya Katanga. Zilitoka Cape Town kwa treni hadi Fungurume, kati ya Likasi na Kolwezi, ambako reli ilikuwa inaishia wakati ule. Kutoka hapo injini za mvuke, ng'ombe na mamia ya watu wa huku waliziburuta kuvuka milima ya Mitumba mpaka Sankisia. Zikafika Bukama, zikateremka mto Lualaba hadi Kabalo, kisha zikapanda treni nyingine hadi Ziwa Tanganyika, pale tunapopaita leo Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, mashua ya Wajerumani, ambayo Waingereza waliipa jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi na Fifi zikaifukuza Hedwig von Wissmann, meli nyingine ya Wajerumani, na kuizamisha kwa mizinga.

Chombo cha namna hiyo hutafutwaje katika ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670?

Macho hayafai. Mwanga wa jua hufifia baada ya makumi ya mita, na mawimbi ya redio hufa upesi majini, ndiyo maana GPS haifanyi kazi huko chini. Sauti ndiyo inayosafiri vizuri: karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Sona, yaani chombo cha kutafuta kwa sauti, hutoa mlio mfupi, husubiri mwangwi, kisha hupima muda uliopita. Kwenye kina kikubwa kabisa cha Tanganyika, mita 1,470, mlio uliotumwa kutoka juu huchukua karibu sekunde 2 kwenda na kurudi.

Watafutaji wa meli hupenda zaidi sona ya pembeni. Ni chombo chembamba kinachovutwa kwa kebo nyuma ya mashua, kikielea karibu na sakafu ya ziwa na kupiga sauti kushoto na kulia. Chuma na mawe hurudisha mwangwi mkali. Tope laini hurudisha hafifu. Lakini fundi mzoefu hutazama kwanza kivuli. Kitu kilichosimama huzuia sauti isifike nyuma yake, na hapo picha huwa nyeusi, kama vile kichuguu kinavyotupa kivuli kirefu jua linapotua. Kivuli hicho hupimika. Chombo kikiwa mita 20 juu ya sakafu, na kivuli chenye urefu wa mita 20 kikaishia umbali wa mita 100, basi kitu hicho kina kimo cha mita 4 hivi. Mwamba nao hutoa kivuli, ila kivuli chenye pembe kali na mistari iliyonyooka ni dalili ya kazi ya mkono wa binadamu.

Fundi hawezi kupata kila kitu kwa pamoja. Sauti nyembamba sana huonyesha hata ngazi na bomba la moshi, lakini huishia makumi ya mita tu. Sauti nzito hufika mbali, na picha yake ni ya ukungu. Tufanye hesabu. Mraba wa kilomita 10 kwa 10, ukipitiwa kwa mistari iliyoachana mita 200, unadai mistari 50, yaani kilomita 500. Kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa ni saa 71 za kuvuta, bila kuhesabu kugeuza mashua, mawimbi, wala mafuta. Ukikosea mraba, jasho lote limepotea.

Kwa hiyo naamini kazi kubwa hufanyika kabla ya kugusa maji. Endurance, meli ya Shackleton, ilizama Antaktika mwezi Novemba 1915, wakati Mimi na Toutou zikiwa Kalemie. Ilipatikana Machi 2022 kwenye kina cha mita 3,008, kilomita chache tu kutoka mahali nahodha wake, Frank Worsley, alipokuwa ameandika. Titanic inatufundisha upande mwingine: mwaka 1985 sona ya Wafaransa ilifagia eneo kubwa bila kuiona, kisha kamera ya Wamarekani ikakuta mabaki yaliyotawanyika na kuyafuata.

Kwa Hedwig, mraba wa kwanza huchorwa kutokana na taarifa za maafisa wa pande zote mbili. Ningeongeza wavuvi wa Kalemie, kwa kuwa wao ndio wanaojua nyavu hunasa wapi mahali pasipo na mwamba. Mtafutaji atakutana pia na makundi ya ndakala, ambao vibofu vyao vya hewa hurudisha sauti na kuchafua picha. Kuna neema pia: kwenye vilindi vya Tanganyika maji hayana oksijeni, na kutu huenda polepole. Hata kwenye kina kidogo chuma kinaweza kuvumilia. Graf von Götzen, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma mwezi Julai 1916 baada ya kuzipaka mashine zake grisi, iliinuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Vyombo hivihivi vya sona vina kazi iliyo karibu zaidi na mioyo yetu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama Ziwa Kivu mbele ya macho ya watu waliokuwa Kituku, Goma. Familia zilibaki zikisubiri miili ya watu wao. Pale hapakuhitajika nyaraka za miaka mia, maana walioona walikuwa hai na walikuwa wengi. Sona ndogo ya pembeni hubebwa na watu wawili na hufungwa kwenye mashua ya kawaida. Ningependa moja iwekwe Goma na nyingine Kalemie, pamoja na vijana waliofunzwa kusoma vivuli, na waanze na boti za juzi kabla ya kuigeukia Hedwig.