Swali la Mke Lililozaa Elimu ya Mawimbi

Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ulimwenguni, na nyumba nyingi za Uingereza zikaingiwa na hofu ya giza na baridi. Mjini Edinburgh, mhandisi Stephen Salter alikuwa kitandani akiugua mafua. Mkewe, Margaret, alimwambia aache kujihurumia, ainuke atafute dawa ya shida ile ya nishati. Tena akamtajia masharti: nishati iwe nyingi, iwe safi na salama, ipatikane hata majira ya baridi, na isiishe daima. Salter alipotafakari, aliona kwamba sifa zote hizo zimo katika mawimbi ya bahari.

Alianza na vielelezo vidogo ndani ya tangi la maji. Kimoja kilikuwa na umbo la tone, ncha yake ikielekezwa kule wimbi linakotoka. Kila wimbi lilipopita, ncha iliinuka na kushuka mithili ya kichwa cha bata aeleaye, na kwa sababu hiyo kikaitwa Bata wa Salter. Mtikisiko huo ndio uliokusudiwa kuendesha mitambo ya umeme. Mwaka 1974 habari zake zilichapishwa katika jarida la Nature. Ndani ya tangi, Bata aliweza kunasa hadi asilimia 90 ya nguvu ya wimbi.

Lakini tangi si bahari. Baharini chumvi hula chuma, na dhoruba moja huweza kuvunja kazi ya miaka. Mwaka 1982 serikali ya Uingereza ilisitisha mpango wake mkubwa wa mawimbi, na Bata hakupata kujengwa baharini kwa ukubwa wake kamili.

Hata hivyo, elimu haikuzama. Richard Yemm, aliyekuwa mwanafunzi wa Salter, alibuni Pelamis, mtambo mrefu kama nyoka, ambao mwaka 2004 ulipeleka umeme wa mawimbi katika gridi ya taifa kutoka visiwa vya Orkney. Kampuni yake nayo ilifilisika mwaka 2014. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Edinburgh kilifungua tangi la mviringo lenye upana wa mita 25, ambamo mawimbi hutoka pande zote. Salter alifariki mwaka 2024, na wahandisi wangali wakijaribu humo vielelezo vya mitambo kabla ya kuikabidhi kwa bahari.

Sisi wa Pwani tunaijua bahari kwa kusi na kaskazi, na riziki zetu zimo humo. Surat An-Nahl yatufunza kuwa bahari imetiishwa kwa manufaa yetu. Basi ni neema na ni amana. Siku mtambo wa namna hii utakapoletwa ufukweni kwetu, tuulize kama Margaret: Je, ni salama? Utadumu? Kisha tuongeze ya kwetu: Wavuvi watatega wapi? Matumbawe yatasalimika? Ukichakaa, nani atauondoa? Kuuliza si ujinga.

Na binti apendaye hesabu asiambiwe kuwa uhandisi wa bahari si wake. Tumpe daftari, nafasi na dua.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.