Kutoka Stesheni hadi Makumbusho: Funzo la Jumba la Orsay

Aghalabu jengo la umma linapopoteza kazi yake huhukumiwa kubomolewa. Jumba la Orsay jijini Paris, Ufaransa, ni ushahidi kuwa hukumu hiyo yaweza kutenguliwa.

Stesheni ya Orsay ilifunguliwa Julai 1900, wakati wa Maonyesho ya Dunia. Msanifu wake, Victor Laloux, aliijenga kwa chuma, kisha akakifunika kwa mawe ili jengo lilandane na kasri la Louvre, ng'ambo ya mto Seine. Ni kinaya kwamba magarimoshi yaliyoingia humo hayakuwa na moshi, kwani yalivutwa kwa umeme.

Maendeleo yaliyoizaa stesheni hiyo ndiyo yaliyoiua. Magarimoshi yalizidi kurefuka, ilhali majukwaa ya abiria yalikuwa mafupi. Kuanzia 1939 ilihudumia vitongoji pekee. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vifurushi vya wafungwa wa kivita vilitumwa kutoka humo, na vita vilipokwisha, wafungwa waliorejea walipokewa papo hapo.

Kufikia 1970 palikuwa na mpango wa kuibomoa ili ijengwe hoteli. Hata hivyo, kubomolewa kwa soko kongwe la Les Halles kuanzia 1971 kuliwasikitisha wengi, na rai ya umma ikageuka. Mwaka wa 1973 stesheni iliorodheshwa miongoni mwa majengo ya kuhifadhiwa. Desemba 1986 ikazinduliwa kuwa makumbusho ya sanaa ya baina ya 1848 na 1914.

Ugeuzaji huo haukuificha stesheni. Gae Aulenti, msanifu Mwitalia aliyeshughulikia sehemu ya ndani, aliifanya njia kuu ya wageni ifuate mkondo wa reli za awali, chini ya paa lile lile la vioo. Saa kubwa ingali ukutani. Miongoni mwa michoro iliyomo ni ule wa Claude Monet wa 1877, unaoonyesha stesheni nyingine ya Paris, Saint-Lazare, ikiwa imegubikwa na moshi.

Funzo hili linaihusu Kenya pia. Mwaka wa 2017 usafiri wa abiria baina ya Nairobi na Mombasa ulihamia reli mpya, na stesheni kongwe za njia hiyo zikapoteza wasafiri wake. Kipya kinyemi, walisema wahenga. Lakini Orsay yaonyesha kuwa kikongwe nacho chaweza kupewa kazi mpya, mradi watu wazinduke kabla ya nyundo kushuka.