Mtengeneza batiki, aproni moja haitoshi

UTENGENEZAJI wa batiki ni miongoni mwa shughuli ambazo kina mama na vijana wengi nchini Tanzania wamezikimbilia kwa kuwa hazihitaji mtaji mkubwa wala mashine. Jiko la mkaa, sufuria, nta, ndoo, rangi na kitambaa cha pamba vinatosha kuanzia, na kazi yote inaweza kufanyika uani.

Hata hivyo, katika orodha ya vifaa vinavyonunuliwa mwanzoni, mara nyingi aproni haimo. Wengi hujifunga khanga kuukuu. Wengine hutoboa mfuko wa plastiki na kuuvaa, wakidhani kazi ya aproni ni kuzuia nguo isichafuke tu.

Rangi kwenye gauni si hasara kubwa. Hasara ni mwili kuungua. Mjasiriamali anayefanya kazi peke yake akiungua mkono au paja, oda za wateja hulala na mtaji huishia kwenye matibabu.

Hatari mbili tofauti

Kabla ya kuchagua aproni, ni vema kujua inakinga nini. Katika batiki kuna hatari mbili, na hazifanani.

Ya kwanza ni nta. Nta huyeyushwa jikoni, kisha hupakwa kwenye kitambaa kwa brashi, sponji au kibao cha kugongea. Tone la nta ya moto likianguka mwilini hunasa na kuendelea kuunguza, tofauti na maji ambayo huteremka. Isitoshe, mtu huwa karibu na moto muda wote.

Ya pili ni rangi. Rangi za batiki zisizochuja huchanganywa na maji ya moto, kostiki soda na haidrosalfaiti. Kostiki soda hula ngozi. Inapotiwa majini hutoa joto kali, ndiyo maana hutiwa kidogo kidogo kwenye maji, na si maji kumwagwa juu yake.

Kwenye nta, vaa pamba nzito

Aproni ya kazi ya nta iwe ya pamba nzito, kama turubai la pamba au jinzi. Pamba nzito huchelewesha joto kufika mwilini, na haiyeyuki. Plastiki na vitambaa vya nailoni au poliesta havifai hapa, kwani vikipata moto huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Asiyekuwa na uwezo wa kununua turubai jipya anaweza kushona aproni kwa suruali kuukuu za jinzi. Cha kuzingatia ni kwamba isiwe na kamba ndefu zinazoning'inia mbele ya jiko, na isiwe imelowa mafuta ya taa wala tina.

Kwenye rangi, vaa isiyopitisha maji

Hapa mambo hugeuka. Aproni ya pamba, au khanga, hunywa maji ya rangi na kuyashikilia mwilini. Mvaaji huendelea na kazi akidhani amelowa tu, kumbe kostiki soda inamla taratibu. Kwa kazi hii inatakiwa aproni ya raba au ya plastiki nzito, kama zile zinazovaliwa katika viwanda vya minofu ya samaki.

Kabla ya kununua, ikunje na kuifinya. Ikionyesha nyufa, iache. Inyanyue juani uangalie kama ina matundu, hasa pale kamba zilipounganishwa. Mfuko wa mbele hautakiwi, kwa sababu hukusanya matone ya dawa.

Wakati wa kuchemsha kitambaa ili kuondoa nta, raba nzito ni bora kuliko plastiki, lakini nayo isiguse moto. Tumia mti mrefu kugeuzia kitambaa, usisogelee jiko.

Kipimo na mavazi mengine

Aproni nzuri huanzia kifuani na kuishia chini ya magoti. Ishuke nje ya mabuti ya mvua. Ikichomekwa ndani, maji ya rangi yatateremkia miguuni. Kwa mtu wa kimo cha kawaida, kipande cha urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 75 kinatosha. Kamba zifungwe kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja, kwani dawa ikimwagika ni lazima aproni ivuliwe haraka.

Aproni haikingi mikono wala macho. Glovu ndefu za raba na miwani ya kinga navyo vinahitajika wakati wa kuchanganya rangi.

Ajali ikitokea

Nta ikimwagikia ngozi, poza kwa maji safi ya baridi kwa dakika 20, na usiibandue kwa nguvu. Kostiki soda ikimwagika, vua nguo zilizolowa na uoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20. Usipake limau wala siki. Ikiingia machoni, osha kwa maji muda huohuo, kisha nenda hospitali bila kuchelewa.

Iingie kwenye bei

Wengi hulalamika kuwa aproni mbili ni gharama. Tuseme zote mbili zimegharimu Sh24,000 na zitatumika kutengeneza vitambaa 240. Hiyo ni Sh100 kwa kila kitambaa, gharama inayopaswa kuingizwa kwenye bei kama zilivyo nta na rangi.

Kwa aliyeajiri vijana, hili si hiari. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapatia wafanyakazi wake vifaa vya kinga.

Ili zidumu, aproni ya rangi ioshwe kwa maji mengi kila baada ya kazi, na itundikwe kivulini kwani jua hukausha na kupasua plastiki. Isifuliwe pamoja na nguo za familia. Ikishapata tundu, usiizibe kwa gundi, nunua nyingine.