Kutoka Ruzuku Hadi Kujitegemea (Sehemu ya Pili): Siku Sitini za Jembe

Wiki iliyopita tuliona jinsi wanakijiji wanavyozitaja mkutanoni kaya zilizo hoi. Leo tuzungumzie kazi.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanzishwa chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania (TASAF) mwaka 2012, ulikuja na mguu wa pili mbali na ruzuku: ajira za muda. Kaya yenye mtu mzima mwenye nguvu ilipangiwa siku 60 kwa mwaka. Ujira wa siku ulikuwa shilingi 2,300, ukafika 3,000 katika kipindi cha pili kilichozinduliwa 2020. Mradi huibuliwa na kijiji: barabara, kisima, kitalu cha miti.

Naulizwa mara kwa mara kama fedha hizi haziwafanyi watu wavivu. Anayeuliza hivyo aende Umatengo, kwenye milima ya Mbinga, wakati wa kuchimba ngolo, yaani mashimo ya kilimo cha mteremkoni. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza mteremkoni kwa mistari inayokatana. Wanawake huzifukia kwa udongo wanaouchota katikati ya kila mraba, mpaka mlima mzima unakuwa mashimo yanayonasa maji ya mvua. Maharage hupandwa kwenye kingo, mahindi hufuata msimu mwingine. Maskini wa Mbinga hakosi kazi hata siku moja. Kinachomwangusha ni ghala kuwa tupu katikati ya masika, siku zilezile ngolo zinapotakiwa kuchimbwa. Mama huacha shamba lake akalime kibarua kwa mwenye nacho, watoto wapate kula jioni, na mwakani njaa inamkuta palepale.

Kwa hiyo mimi huangalia tarehe kabla ya kiasi. Elfu tatu ya Februari humrudisha mama shambani kwake. Ikichelewa hadi Juni, wakati kahawa inachumwa na vibarua viko tele, inakuwa fedha ya matumizi tu.

Huku ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga, ina kalenda yake. Liuli na Mbamba Bay wanategemea mihogo na usipa, na upepo wa kusi ukichafua ziwa katikati ya mwaka, mitumbwi hulala mchangani. Miezi inayomfaa mtu wa Litembo, kule milimani Mbinga, haimfai mvuvi.

Halafu kuna neno kuhitimu, yaani kaya kutolewa kwenye orodha ya ruzuku. Marekani, sheria aliyoisaini Bill Clinton mwaka 1996 iliweka ukomo wa miaka 5 ya msaada wa serikali kuu. Huku kwetu kipimo kiwe shamba: mche wa kahawa huchukua kama miaka 3 kabla ya kuzaa, na mavuno ya kwanza ni machache. Kaya iliyoutegemea mche huo isitolewe kwenye orodha kabla haijauza walau misimu miwili. Na bibi anayelea wajukuu watatu, asiye na mtu wa kumtuma barabarani na jembe, asiulizwe atahitimu lini. Aulizwe kama wajukuu wanakwenda shule.

Itaendelea: vikundi vya kuweka akiba na kukopa.