Kila samaki ana mtego wake
Msomaji, ukishuka pwani ya Diani au Msambweni, katika kaunti ya Kwale, usidhani mvuvi hutupa mshipi popote akangoja bahati. Changu hupenda nyama, basi hunaswa kwa ndoana yenye chambo cha ngisi. Tafi hula mwani. Huyo hutegewa lema la kusukwa, chambo chake mwani uo huo. Nguru yuko nje ya mwamba na meno yake hukata mshipi, kwa hiyo mvuvi hufunga waya juu ya ndoana na kuiburuta nyuma ya chombo, hasa wakati wa kaskazi bahari ikitulia. Lakini juya, wavu unaokokotwa hadi ufuoni, halichagui. Huzoa wakubwa kwa wachanga, ndiposa Kenya ikalipiga marufuku mwaka 2001. Anayemaliza vifaranga vya samaki leo, wanawe watavua nini kesho?