Kijana wa Pemba na Kauli Yake

Katika msimu wa karafuu, nyumba nyingi za Pemba, tokea Konde hata Mkoani, hugeuka baada ya sala ya isha zikawa majilisi: karafuu mbichi zimemwagwa juu ya majamvi, wakubwa kwa wadogo wamezizunguka wakizichambua na makonyo yake, na mikono inapoizoea kazi hata isihitaji kutazamwa, ndimi nazo hupata nafasi. Hapo binti wa miaka 14 husimulia kisa kizima, akaigiza sauti ya mchuuzi na ya sheha, akakatizwa na bibi yake, akamjibu kwa adabu, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Binti huyo huyo, akiitwa na mwalimu asimame mbele ya wenziwe, huinamisha kichwa, akatafuna ncha ya mtandio, na neno likimtoka huwa ni moja tu, tena la chini kwa chini.

Aghalabu hali hii huitwa haya. Na haya kwetu ni pambo la mtu, wala sipendi kusikia ikidharauliwa. Lakini haya humzuia mtu kusema lisilofaa, haimzuii kusema analolijua. Kinachomfunga ulimi binti huyu ni khofu ya kufedheheka, na khofu hiyo ina asili yake. Nyumbani amelelewa kwa Kipemba. Shuleni akakuta Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja, kama ilivyokatwa shauri katika mkutano wa Mombasa wa 1928. Kisha, kwa mujibu wa Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006, hisabati na sayansi zikahamia Kiingereza tokea darasa la tano, na alipoingia sekondari masomo karibu yote yakafuata. Kwa hiyo katika umri wa kubaleghe, ambao ndio umri wa mtu kujiuliza yeye ni nani na nafasi yake ni ipi, kijana wetu amekwisha kuambiwa zaidi ya mara moja kwamba ulimi alionao hautoshi. Akivuka kwenda Unguja akachekwa kwa matamshi yake, shaka aliyokuwa nayo humgeukia yakini.

Nani amemwambia kijana huyu kwamba kisiwa chake ni kisiwa cha mafundi wa maneno? Kamange na Sarahani, waliojibizana kwa mashairi enzi za mababu zetu, walikuwa watu wa Pemba, na tungo zao zimekusanywa katika kitabu *Kale ya Washairi wa Pemba*, kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla. Baraza la Kiswahili la Zanzibar nalo limechapisha kamusi ya Kipemba. Vitabu hivi havifai kukaa kabatini. Mwanafunzi akiona neno la bibi yake limepigwa chapa na kufasiriwa, hataona tena sababu ya kulificha.

Wala tusidhani kwamba vijana hawa wamepungukiwa na ushujaa. Chuoni wamezoezwa kusoma Qur'ani kwa tajwidi mbele ya hadhara, na siku ya maulidi mtoto mdogo husimama mbele ya umati bila ya kutetemeka. Ila kuna tafauti kubwa baina ya kusoma yaliyohifadhiwa na kutoa rai ya nafsi yako, ambayo mtu aweza kuipinga. Elimu hii ya pili zamani ilipatikana kwa somo aliyemfunda mwari faragha, na kwa nahodha wa Kojani aliyekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, na vijana, akawauliza habari ya upepo na mkondo wa maji, akayangoja majibu yao. Pale kijana alisema jambo alijualo, mbele ya watu wamjuao.

Mwalimu aweza kuifuata njia hiyo hiyo. Awaweke kwanza wawili wawili, waelezane kwa lugha ya nyumbani, kisha wanne, kisha darasa zima kwa Kiswahili sanifu, Kiingereza kije wakati fikra imekwisha kupata umbo. Makosa ayasahihishe mtoto akimaliza, asimkate maneno, na kicheko cha wenziwe akipige marufuku kabisa. Katika midahalo yetu wasemaji mara nyingi ni wale wale watatu, tena wavulana, na mada ni ile iliyokwisha kuchakaa ya elimu na mali. Kwa nini wasijadili kama ni haki karafuu inunuliwe na ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake, au kama mwani unamlipa mama kwa jasho lake? Katika mambo hayo mtoto wa mchumaji ana ushahidi zaidi kuliko mwalimu wake. Redio Jamii Micheweni ipo kisiwani humu humu. Mjadala wa namna hiyo ukirushwa hewani, wazee nao watasikiliza.

Na wazee wana sehemu yao. Baba aliyezoea kusema, “Nyamaza, wakubwa wanazungumza,” na aulize siku moja, “Na wewe mwanangu, waonaje?” kisha asimjibie. Sheria ya 2013 imeunda Baraza la Vijana la Zanzibar, na kijana wa miaka 15 amo katika hisabu ya vijana hao. Lakini ikiwa hajapata kuulizwa rai yake nyumbani wala darasani, atakwenda kuketi humo kimya, na mambo yake yatasemwa na wengine.